Siku mbili Dodoma bila watoto: mwongozo kwa wanandoa wanaokwenda mara ya kwanza

Kila tukirudi Singida kutoka Dodoma, mimi na mume wangu, maswali ni yale yale. Watoto mliwaachia nani? Mlifikia wapi? Ilikula shilingi ngapi? Na lile linaloulizwa kwa sauti ya chini: hivi mnakwenda kufanya nini huko siku mbili nzima, wawili peke yenu? Nimeyajibu kwenye kikoba, nimeyajibu msibani, na mwezi uliopita nikayajibu kwenye foleni ya kliniki mpaka nikaitwa nikiwa katikati ya sentensi. Hapa nayaandika yote kwa mpangilio wake, ili anayetaka kwenda aende.

Tuna watoto watatu na tumefanya safari hii mara nne. Ya kwanza iliharibika, na Dodoma haikuwa na kosa lolote. Kilichoharibika kilikuwa nyumbani kwetu. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mambo ya kufanya kabla hamjafunga begi.

Kwa nini Dodoma? Kwanza ni karibu na wengi wetu: kutoka Singida ni kama kilomita 240 za lami, na watu wa Morogoro na Dar siku hizi wana treni ya SGR. Pili, mwisho wa juma mji hupoa. Watumishi wengi waliohamia na Serikali bado wana familia Dar, kwa hiyo Ijumaa jioni wanaondoka na mji unabaki na nafasi. Hakuna bahari wala mbuga ya kukimbizana nayo kutwa. Mkitaka shamrashamra, chagueni pengine. Mkitaka muda, endeleeni kusoma.

Mnachohitaji kabla ya kuanza

- Tarehe iliyopangwa angalau wiki tatu mapema.
- Mtu mzima mnayemwamini wa kulala na watoto, pamoja na dada wa kazi kama mnaye.
- Vitambulisho vyenu vyote viwili (NIDA au namba yake, leseni, au kadi ya mpiga kura).
- Pesa ya safari iliyotengwa kando. Sisi tuna kibubu chake. Ikichanganywa na ya matumizi ya nyumbani, safari itakuwa inaahirishwa mpaka watoto waoe.
- Pesa ya dharura, nusu mfukoni na nusu kwenye simu.
- Sweta au shali. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai una baridi ya kweli. Mafuta ya kupaka pia, maana hewa ni kavu na midomo hupasuka.

Kama mnanyonyesha mtoto ambaye hajatimiza miezi sita, subirini kwanza. Mtoto huyo anategemea ziwa, na mama atakayemwacha hatakuwa na raha hata ya saa moja.

Hatua ya 1: Chagueni tarehe kwa kuliangalia Bunge

Hili wageni wengi hawalijui. Bunge la bajeti huanza Aprili na kumalizika mwisho wa Juni, na katika miezi hiyo vyumba vizuri hupanda bei au hukosekana kabisa, hasa katikati ya juma. Kuna vikao vingine vifupi ndani ya mwaka, kwa hiyo kabla ya kulipia chochote ulizeni: Bunge limekaa? Ulizeni pia kuhusu Nanenane, maana maonyesho ya wakulima pale Nzuguni huwa ya wiki ya kwanza ya Agosti hadi tarehe 8, na kuhusu mahafali ya vyuo mwishoni mwa mwaka.

Likizo ya Juni inawavutia wengi kwa sababu watoto wanaweza kwenda kwa bibi yao. Lakini ndipo bajeti imepamba moto. Mimi napenda nusu ya pili ya Julai: wabunge wamekwenda majimboni, Nanenane haijaanza, na jua si kali sana. Wanaotaka zabibu mbichi waende wakati wa mavuno, ambayo Dodoma huja mara mbili kwa mwaka: moja mnamo Februari na Machi, nyingine mnamo Agosti na Septemba. Agosti na Septemba zina upepo wa vumbi, mjue.

Hatua ya 2: Wapangieni watoto vizuri, halafu rudieni tena

Safari yetu ya kwanza tuliwaacha watoto na dada wa kazi peke yake. Ni binti mzuri, mwaminifu, tulimwona anatosha. Jumamosi saa mbili usiku umeme wa LUKU ukaisha. Namba ya mita hakuwa nayo kichwani, salio la kupiga simu hakuwa nalo, akanibipu mara sita. Simu yangu nilikuwa nimeizima, tumekaa tunakula. Jumapili asubuhi nilipoiwasha ndipo nikajua kwamba wanangu walilala gizani, mdogo akilia mpaka usiku wa manane. Tulipanda basi la kwanza. Sitaki mtu mwingine apitie asubuhi ile, kwa hiyo fuateni haya bila kuruka:

1. Tafuteni mtu mzima wa kulala nyumbani kwenu: bibi, shangazi, mama mdogo, jirani wa siku nyingi. Ni afadhali yeye aje kuliko watoto kwenda kwake, maana watoto wadogo hulala vizuri kwenye kitanda chao. Mwombeni mapema na kwa adabu, na msimwache mikono mitupu. Bibi naye ana nauli na ana mboga ya kununua.
2. Siku mbili kabla, nunueni umeme wa kuzidi. Angalieni mtungi wa gesi. Jazeni ndoo na madumu ya maji hata kama bomba linatoka.
3. Andikeni karatasi moja na kuibandika ukutani jikoni: namba zenu wawili, namba ya jirani, namba ya bodaboda mnayemwamini, jina la kituo cha afya, namba ya mita ya umeme. Usitegemee simu ya mtu. Simu huisha chaji.
4. Wekeni pamoja kadi za kliniki, kadi za bima na dawa ya homa, kipimo cha kila mtoto kikiwa kimeandikwa juu ya chupa. Mwambieni mwangalizi kwamba mtoto akichemka anakwenda kupimwa siku hiyo hiyo, hakuna kusubiri mrudi.
5. Acheni pesa taslimu mkononi mwa mwangalizi, na salio kwenye simu yake.
6. Waambieni watoto ukweli. "Mimi na baba tunakwenda Dodoma, tutalala mara mbili, Jumapili jioni tutakuwa hapa." Kutoroka wakiwa wamelala kunawafundisha kwamba mama anaweza kupotea usiku, na mtailipia wiki nzima mtakaporudi.

Kosa linalojirudia: kuzima simu zote mbili. Simu moja ibaki wazi, mlio juu, na namba hiyo ijulikane kwa mwangalizi tu. Nyingine izimwe kabisa. Sisi tunapokezana: Jumamosi yake iko wazi, Jumapili yangu.

Hatua ya 3: Kateni chumba kwa kuuliza maswali ya mtu mzima

Picha za vyumba zinapendeza zote. Pigeni simu, na muulize haya: Maji ya moto yapo, na yanatoka saa ngapi? Kuna tangi maji yakikatika? Kuna baa au ukumbi wa harusi jirani? Kitanda ni futi ngapi? Chai ya asubuhi imo kwenye bei? Swali la baa ndilo la muhimu kuliko yote. Tuliwahi kulala mahali pazuri sana ambapo spika za jirani zilizima saa tisa usiku, na hakuna aliyekuwa ametudanganya. Hatukuuliza.

Kuhusu mtaa: mkitaka kutembea kwa miguu, kaeni karibu na Uhindini au Nyerere Square, kelele kidogo mzivumilie. Mkitaka utulivu, Area C, Area D, Kisasa na Ilazo wana nyumba za wageni nyingi, ila kila mkitoka mtahitaji bajaji. Chumba kilicho karibu na stendi ya Nanenane kinawafaa wanaopita tu.

Mapokezi mtaandika kwenye kitabu cha wageni: jina, mnakotoka, mnakokwenda, namba ya kitambulisho. Wapo wanandoa wanaoona aibu hapo, hasa dada zangu, wakihisi wanatazamwa vibaya. Andika jina lako kwa mwandiko mzuri na uchukue ufunguo. Mume ni wako.

Hatua ya 4: Usafiri

Kutoka Dar au Morogoro, treni ya SGR ndiyo njia ya kupumzika. Safari za Dar hadi Dodoma zilianza Julai 2024, na nauli iliyotangazwa wakati huo ilikuwa shilingi 31,000 kwa daraja la kawaida. Kateni tiketi mapema, majina yafanane na vitambulisho, na mfike stesheni na muda wa kutosha wa ukaguzi wa mizigo. Kuna jambo zuri kwenu hapa: umati wa Ijumaa jioni unatoka Dodoma, na wa Jumapili unarudi Dodoma. Ninyi mnakwenda kinyume chao. Hata hivyo msikae mkitegemea kupata siti siku ile ile.

Kutoka Singida ni basi, kupitia Manyoni na Bahi. Pandeni la asubuhi ili mfike mchana mkiwa na nguvu. Mabasi yanaishia stendi kuu ya Nanenane, ambayo kwa sisi tunaotoka magharibi iko upande wa pili wa mji, kwa hiyo mwulizeni konda kama anashusha abiria kabla.

Wenye gari, kwenye vijiji mwendo ni kilomita 50 kwa saa. Mkipanga safari kana kwamba hakuna vibao hivyo, mtafika mmenuna na mna faini.

Bajaji mjini: patana bei kabla ya kukaa. Mhudumu wa mapokezi atakuambia bei ya kawaida ukimwuliza.

Hatua ya 5: Msiitangaze safari, na msiibebeshe shughuli

Hapa ndipo wikiendi nyingi zinakufa. Karibu kila familia sasa ina mtu Dodoma. Mkisema mnakwenda, mjomba wa mume atataka mlale kwake, na kukataa itakuwa ugomvi wa ukoo. Mtajikuta mmelala mmoja chumba cha wavulana, mwingine na wasichana, mmeshinda sebuleni mkiangalia albamu za harusi. Nawapenda ndugu zetu. Tunawatembelea, kwa safari yake, na zawadi zao mkononi.

Na kuna bahasha. "Kwa kuwa unakwenda Dodoma, nifuatilie barua yangu pale wizarani." Jumamosi wizara zimefungwa, kwa hiyo atakuomba uende Ijumaa mapema au ubaki Jumatatu. Kataa kwa upole. Sema safari hii haina nafasi, ijayo nitakusaidia, na kweli umsaidie.

Mwambieni mwangalizi wa watoto na mtu mmoja zaidi. Wengine watasikia mkisharudi.

Hatua ya 6: Ijumaa jioni, pumzikeni tu

Kula, kuoga, kulala. Mtu aliyetoka kazini na kuwalaza watoto kwa miaka minane ana usingizi wa kulipwa. Usiku wa kwanza mume wangu alilala saa mbili na nusu na mimi nikakasirika, nikaona ndiyo haya niliyotokea Singida? Siku hizi wote tunalala, na Jumamosi tunaamka watu wapya.

Hatua ya 7: Jumamosi, mambo mawili tu

Chagueni moja la asubuhi na moja la jioni. Mchana jua la Dodoma ni la kukaa ndani.

Asubuhi tunapenda supu na chapati Majengo, kisha kuzunguka sokoni taratibu. Kutembea sokoni bila orodha na bila mtoto mkononi ni raha ambayo nilikuwa nimeisahau. Mkiwa katikati ya mji, liangalieni kanisa kuu la Anglikana na kuba lake, na Msikiti wa Gaddafi, uliojengwa kwa msaada wa Libya na kufunguliwa mwaka 2010, mmoja wa misikiti mikubwa Afrika Mashariki. Ingieni kwa kuomba ruhusa, mmejisitiri, na nje ya nyakati za sala.

Chakula cha mchana, tafuteni mama ntilie anayepika ugali wa uwele au wa mtama na mlenda. Hicho ndicho chakula cha Wagogo wenyeji. Usiku, kuku wa kienyeji au mbuzi wa kuchoma, lakini agizeni kwa simu saa moja kabla. Kuku wa kienyeji hachomwi kwa haraka, na njaa ya kusubiri huleta maneno.

Jioni nendeni Nyerere Square. Kaeni tu, sanamu ya Mwalimu iko pale, watu wanapiga picha, vijana wanauza karanga na ubuyu. Jioni moja ya Septemba tulinunua zabibu zimefungwa kwenye karatasi ya daftari la hesabu, nyeusi, zina ule utandu kama majivu ambao ukizisugua na kidole unafutika na ngozi inang'aa. Zina mbegu, na ganda lina uchachu kidogo. Mume wangu alikuwa akizimenya moja moja, mbegu anazikusanya kwenye kona ya karatasi. Tukiwa tumenyamaza hivyo, akaniambia kwamba mwaka ule alipopunguzwa kazini aliendelea kutoka nyumbani kila asubuhi kama kawaida, anakwenda kukaa kwa fundi baiskeli mpaka jioni. Wiki mbili nzima, kabla hajapata ujasiri wa kunieleza. Miaka sita nilikuwa sijui. Nyumbani asingelisema, maana nyumbani kila sentensi inakatwa na mtoto anayetaka maji.

Kwa hiyo tuna sheria moja: mpaka Jumapili saa nne asubuhi, hakuna kuzungumzia ada, kiwanja wala marejesho ya kikoba. Mwanzoni mtajikuta hamna la kusema. Vumilieni ukimya huo, usijazwe na simu.

Kosa linalojirudia: kutaka kwenda Kondoa kuona michoro ya miambani ya Kolo ndani ya siku hizi mbili. Michoro hiyo iko kwenye Urithi wa Dunia tangu 2006 na inastahili safari, lakini ni mwendo wa kutwa nzima kwenda na kurudi. Ongezeni siku, au ifanyieni safari yake.

Tahadhari: msipige picha kwenye majengo ya Bunge, Ikulu ya Chamwino wala kambi za jeshi. Mtahojiwa, na jioni yenu itaishia hapo.

Hatua ya 8: Jumapili

Ibada kwa wanaosali, chai ndefu kwa wote. Saa nne fungueni yale mazungumzo ya ada na kiwanja, kwa nusu saa, mkiwa mmelala vizuri. Utashangaa yanavyokwenda haraka. Kisha ondokeni mapema ili mfike watoto wakiwa macho, kama mlivyowaahidi.

Mkikwama

*Mtoto ameugua.* Zungumza na mwangalizi, si na mtoto kwanza. Joto limepanda kiasi gani, anakunywa, anacheza? Apelekwe kupimwa. Kama amelazwa, rudini. Kama amepewa dawa na amelala, mwangalizi akisema bakini, mwaminini. Ndiyo sababu mlichagua mtu mzima.

*Mtoto analia kwenye simu.* Pigeni mara moja kwa siku, baada ya chakula cha jioni, kwa muda mfupi. Kila simu ya ziada inamkumbusha kwamba haupo.

*Umeme umeisha nyumbani.* Nunueni kwa simu na mtume namba za tokeni kwa ujumbe. Dakika tano. Hii ndiyo faida ya kuwa na namba ya mita.

*Chumba si kile mlichoahidiwa.* Semeni kabla hamjafungua begi, na kabla ya kulipa usiku wa pili. Lipeni usiku mmoja mmoja, hasa mahali msipopajua.

*Mmegombana.* Hutokea zaidi Jumamosi mchana, mkiwa na jua na njaa. Kuleni, lalani saa moja, mtoke tena jioni. Kama ugomvi una mizizi, msijaribu kuung'oa wote kwa siku moja.

*Ndugu wamewaona mjini.* Salimieni kwa furaha, semeni ukweli kwamba mko wawili mapumzikoni na mtawatembelea rasmi. Jumatatu pigeni simu ya kuwauliza hali, wasije wakaona mliwakwepa.

*Pesa imepungua.* Punguzeni mlo wa nje, msiguse nauli. Nauli ya kurudi ilipwe Ijumaa au ikae mahali pake.

*Zawadi za watoto zimeharibika njiani.* Zabibu nunueni Jumapili asubuhi, si Jumamosi, na mzibebe kwenye chombo kigumu juu ya mapaja. Chini ya siti ya basi, kwenye joto, zikifika Manyoni zimeshaanza kuvuja.